Wanaolishika Duara

Mimi huanza na wasiocheza. Mchezaji ana njia zake za kukuvuta macho na atakuvuta tu. Lakini ukitaka kujua kama duara la breki dansi liko hai au limekwisha, watazame waliolizunguka. Wamesogeleana kiasi gani? Nani amechuchumaa mbele ili wa nyuma waone? Nani anahesabu kwa vidole? Yupo anayenyoosha viungo taratibu huku macho hayambanduki yule aliye ndani? Daftari langu la safari limejaa watu hao. Nimepita nalo Paris, New York na Kampala, kisha Kisesa, nje kidogo ya jiji la Mwanza, ambako hakuna anayecheza breki dansi, lakini ndiko nilikopata la kusema kuhusu kote nilikotoka.

Kwa asiyelijua duara lenyewe: watu wanasimama mviringo, muziki unapigwa, mmoja anaingia. Anaanza akiwa wima, miguu ikichezea mdundo, akiwatambulisha wenziwe yeye ni nani. Kisha anashuka sakafuni, anazungusha miguu, pengine anazungukia mgongo au kichwa, halafu anaganda ghafla katika umbo ambalo mwili wa kawaida haulikubali, na anatoka. Yote hayo ni nusu dakika, ikizidi sana dakika moja. Hakuna anayeita majina wala foleni. Anayefuata ni aliyethubutu kukanyaga kwanza. Wawili wakikanyaga pamoja, mmoja humpisha mwenzake kwa mkono. Aliye ndani hagusi mtu wala haguswi. Sijaona sheria hizi zimebandikwa ukutani mahali popote, na nilizikuta zilezile kila nilikofika.

Paris

Nyumba ya sanaa ya Centquatre, katika wilaya ya 19, zamani ilikuwa idara ya mazishi ya jiji. Majeneza yaliundwa humu, na magari ya kubeba maiti yalitokea humu kwenda kila pembe ya Paris. Mwaka 2008 ilifunguliwa upya kwa ajili ya wasanii, na kumbi zake ndefu zenye paa la chuma na vioo zikaachwa wazi kwa anayetaka kufanya mazoezi bila malipo. Ukifika alasiri utakuta warusha mipira kona moja, wanafunzi wa maigizo kona nyingine, na wachezaji wa breki wametawanyika kando ya madirisha makubwa.

Madirisha hayo yana maana. Kila mmoja amejichagulia kioo chake na humo anajitazama. Nilimwangalia kijana mwenye kofia ya sufi akirudia hatua sita, zoezi la kwanza la mchezo wa chini, mpaka nikasahau saa. Mkono mmoja umekita sakafuni, nyonga zimeinuka kidogo tu, na miguu inauzunguka mkono ule kama mbuzi aliyefungwa kigingini. Mguu ukifika penye mkono, mkono unapokezana na mwenzake bila mwili kupanda wala kushuka. Hatua sita, mzunguko mmoja. Asiyejua huona mtu anatambaa. Anayejua husikiliza. Viatu vikiburura, bado. Vikigusa sakafu kwa mlio mfupi unaolingana na ngoma iliyo kwenye spika, ameiva.

Duara lilipojiunda jioni, baada ya mtu mmoja kuongeza sauti ya spika yake ndogo, walicheza vizuri ajabu. Kila mmoja aliingia na kitu alichokimaliza kwenye kioo na akatoka nacho kizima. Makofi yalikuwepo, ya heshima. Simu mbili zilikuwa zimesimamishwa sakafuni zikirekodi. Kilichopungua ni majibu: aliyeingia wa tatu hakuwa na habari na alichofanya wa pili. Walizungumza kwa zamu, ila hakuna aliyemjibu mwenziwe.

Nadhani ninajua sababu mojawapo. Mwaka 1984 kituo cha TF1 kilikuwa na kipindi cha Jumapili kilichoitwa H.I.P. H.O.P., kikiendeshwa na Sidney, mtu mweusi aliyeingia sebuleni mwa Wafaransa wote akiwafundisha hatua za breki dansi huku vijana wakishindana mbele ya kamera. Kipindi chenyewe kilidumu mwaka mmoja, lakini kizazi kizima cha vitongoji vya Paris kilizaliwa pale. Ufaransa ilijifunza mchezo huu ikiutazama. Nasi Dar es Salaam tulikuwa hivyohivyo: kanda za video za Beat Street na Breakin', filamu zote mbili za 1984, zilizunguka mtaa hadi mtaa mpaka picha ikawa chenga tupu, nasi tukaiga juu ya maboksi yaliyopasuliwa. Tulijifunza mwili wa aliye katikati. Wale waliomzunguka kamera iliwakata, kwa hiyo hatukujua kwamba nao wana kazi.

Pale Les Halles, chini ya paa kubwa la manjano ambako abiria wa treni za vitongojini hupanda na kushuka kwa maelfu, mambo yalikuwa makali zaidi. Pale hakuna vioo. Duara linasukumwa na wapita njia, na anayeingia hana budi kuipigania nafasi yake. Nilipenda pale kuliko Centquatre, ingawa uchezaji wenyewe ulikuwa hafifu.

Concorde

Magari sasa yamerudi katika uwanja wa Concorde na huwezi kudhani kwamba tarehe 9 na 10 Agosti 2024 breki dansi ilichezwa hapa katika Michezo ya Olimpiki, mara ya kwanza kabisa. Siku ya wasichana Ami wa Japani alichukua dhahabu, Nicka wa Lithuania fedha, 671 wa China shaba. Kesho yake kwa wavulana ilikuwa Phil Wizard wa Kanada, Dany Dann wa Ufaransa na Victor wa Marekani. Wachezaji hawakuchagua muziki. DJ alipiga anachotaka nao wakaufuata, kama inavyotakiwa. Majaji 9 walipima mambo matano: ufundi, wingi wa msamiati wa mwili, umaliziaji, usikivu wa muziki na ubunifu.

Sina ugomvi na majaji. Walikuwa wachezaji wenyewe, watu waliotoka duarani. Ami alistahili, alishuka chini kwa wepesi wa maji na hakupoteza mdundo hata mmoja. Ugomvi wangu ni na viti. Watazamaji waliketi mbali, kwenye majukwaa, na kati yao na mchezaji kulikuwa na nafasi tupu ambayo hakuna mtu angeweza kuivuka. Hakuna aliyeweza kuchuchumaa mbele, kunyoosha mkono wala kuingia.

Nikiwa pale niliwafikiria watu wawili. Wa kwanza ni Rachael Gunn wa Australia, aliyejiita Raygun, ambaye hakupata kura hata moja katika mapambano yake yote matatu na akawa kichekesho cha dunia nzima kwa wiki kadhaa. Katika duara la kweli angejibiwa palepale, kwa mwili, na mtu aliye mbele yake. Ingemuuma. Halafu mtu huyohuyo angempa mkono, duara lingeendelea, na aibu ingebaki mle ndani kwa wachache waliokuwepo. Duara linakemea, na linasitiri pia. Jukwaa la Concorde lilimweka wazi mbele ya mamilioni wasiojua hata wanacheka nini, na sioni haki katika jambo hilo.

Wa pili ni Manizha Talash, msichana wa Kabul aliyejifunza breki dansi mahali ambapo wasichana wengine hawakuwepo, akakimbia nchi Taliban waliporudi madarakani mwaka 2021, na akafika Paris akiwa katika Timu ya Wakimbizi. Alipambana na India Sardjoe wa Uholanzi katika raundi ya awali na akafungua mgongoni kitambaa cha samawati chenye maneno ya kudai uhuru wa wanawake wa Afghanistan. Alifutwa mashindanoni, kwa kuwa kanuni za Olimpiki zinakataza kauli za kisiasa uwanjani. Kanuni ni kanuni. Lakini mchezo huu umeanza na watu walioandika migongoni mwao: jaketi la kundi, jina la mtaa, jina la rafiki aliyefariki. Kuingia ukiwa umevaa neno lako ni desturi ya zamani kuliko medali. Alifanya kile ambacho duara lilimfundisha, na walioupokea mchezo wakiwa wameuacha mlangoni ujumbe wake ndio waliomtoa. Los Angeles 2028 breki dansi haimo kwenye orodha. Sikuona wachezaji wengi wa Paris wakililia jambo hilo.

Bronx

Nyumba namba 1520 ya barabara ya Sedgwick ni jengo refu la matofali, barabara kuu ya magari ikipita karibu kabisa, na mto Harlem ukiwa ng'ambo yake. Watu wanaishi humo. Mama mmoja alikuwa akiingiza mifuko ya sokoni nilipofika, na hakushangaa kumwona mgeni amesimama akitazama ukuta. Tarehe 11 Agosti 1973, katika chumba cha mikutano cha chini, Cindy Campbell aliandaa sherehe apate hela ya nguo za shule. Wasichana walilipa senti 25, wavulana 50. Kaka yake Clive, aliyezaliwa Kingston, Jamaika, na anayejulikana duniani kwa jina la Kool Herc, ndiye aliyepiga muziki.

Herc aliona jambo dogo lenye uzito. Kuna watu waliokuwa wakikaa pembeni wimbo mzima, wakisubiri pale ambapo waimbaji wananyamaza na ngoma na besi zinabaki peke yake. Hapo ndipo walipoingia. Kipande hicho kilikuwa cha sekunde chache tu, kwa hiyo Herc akachukua santuri mbili za wimbo mmoja na kuhama kutoka moja kwenda nyingine, akikirefusha kwa kadiri watu walivyokihitaji. Nimelifikiria sana hilo. Muziki wenyewe ulibadilishwa na watu waliokuwa wamesimama wakingoja. Kabla ya santuri mbili kulikuwa na kungoja.

Mtaa wenyewe ulikuwa umeungua. Barabara ya Cross Bronx, iliyopasuliwa katikati ya makazi ya watu kwa amri ya Robert Moses, afisa mwenye nguvu wa ujenzi wa jiji, ilikuwa imehamisha maelfu ya familia. Wenye nyumba waliona bima ina faida kuliko kodi, na majengo yakateketea moja baada ya jingine. Magenge yaligawana vichochoro. Mwishoni mwa 1971 Cornell Benjamin, mpatanishi wa kundi la Ghetto Brothers, aliuawa alipokwenda kusuluhisha ugomvi, na badala ya kisasi viongozi wa magenge wakakutana tarehe 8 Desemba katika klabu ya vijana ya Hoe Avenue wakapeana mikono. Wageni hupenda kuambiwa kwamba baada ya hapo visu viliwekwa chini na watu wakaanza kucheza. Wazee wa Bronx niliozungumza nao hawasemi hivyo. Wanasema waliopigana waliendelea kupigana, ila sasa kijana aliweza kuvuka mtaa usio wake kwenda kwenye sherehe, na huko alikuta namna ya kumshinda mtu bila kumgusa. Nafuu hiyo wanaithamini bila kuitia chumvi, nami nimeiandika walivyoisema.

Katika bustani ya Crotona, Jumamosi ya joto kali, nililiona duara ambalo nilikuwa nimelitafuta. Kipande cha linoliamu kilikuwa kimebandikwa juu ya saruji kwa gundi ya karatasi, kingo zimeanza kubanduka. Walioshika mzunguko wengi wao walikuwa na mvi. Magoti yao hayawaruhusu tena kuzungukia mabega, lakini hakuna aliyewafundisha kukaa. Mmoja, kofia imegeuzwa nyuma, kazi yake ilikuwa upana wa duara: watu wakijaa na kulifinya, alipita akiwarudisha kwa viganja vya mikono, akiongea Kihispania huku na Kiingereza kule; wakilegea na kurudi nyuma mno, aliwavuta mbele. Hakuingia hata mara moja jioni nzima. Nilipomuuliza, alisema duara likiwa kubwa mchezaji anakuwa mpweke, likiwa dogo anakuwa mwoga, na vijana hawajui kulipima.

Pale ndipo nilipoona ishara zote zikifanya kazi. Kijana mgeni aliingia, akacheza, akaganda kwa mkono mmoja. Alipoingia tena baadaye akarudia mgando uleule. Upande wa pili kidole kimoja kikainuka, na aliporudia tena, viwili. Kila mtu alielewa: tumeshaiona. Mwingine alipoiga staili ya msichana aliyetangulia, mikono miwili ilinyooshwa na kufungwa mmoja juu ya mwingine, taya za mamba, maana yake umeiba. Mwizi wa staili ndiye mtu wa chini kabisa katika watu hawa. Unaruhusiwa kuchukua, lakini urudishe kikiwa kimegeuzwa, na mwenye kitu akitambue bado. Aliyeanguka vibaya alipigiwa kofi la sakafuni. Na msichana yule aliyeibiwa hakulalamika. Aliingia, akaanza staili yake ileile kwa namna ambayo mwizi alikuwa ameiona, akaikata katikati, akaipindua kuelekea kushoto, akaketi juu ya kiwiko chake na kumtazama. Kelele zilizoinuka zilisikika mpaka upande wa ziwa la bustani, na mzee wa kofia aliruka juu kama hana magoti.

Kundi la Rock Steady lilianzishwa Bronx mwaka 1977, na miaka michache baadaye, wakati wengi mtaani walikuwa wameshauhesabu mchezo huu kuwa wa jana, kijana wa Kiportoriko aitwaye Richard Colón, Crazy Legs, aliuokota na kuukusanyia watu upya. Mwaka 1981 waliwakabili Dynamic Rockers nje ya Lincoln Center, katikati ya Manhattan, na magazeti yakaandika. Namtaja Mportoriko huyo kwa sababu ndugu zetu wengi hupenda kusema breki dansi ni ngoma ya Afrika iliyovuka bahari. Damu hiyo imo, sina shaka. Lakini nikiwasikiliza wenyewe wanataja James Brown, wanataja salsa ya mama zao, wanataja filamu za kung fu walizozitazama kwenye majumba ya sinema ya barabara ya 42. Kuwapora hayo na kuwapa babu mmoja wa mbali ni kuwaibia staili, na nimeshasema mwizi wa staili anaonwaje.

Kampala

Nsambya iko juu ya kilima, na ukumbi wa kituo cha vijana cha Sharing una sakafu ya saruji iliyong'arishwa na miili. Breakdance Project Uganda, ulioanzishwa mwaka 2006 na Abramz Tekya, umefundisha hapa bila malipo. Masharti yake ni mepesi kuyataja na mazito kuyatimiza: ulichojifunza mfundishe mwingine. Kwa hiyo ukiingia huwezi kutofautisha mwalimu na mwanafunzi. Mtoto wa darasa la tatu alikuwa akimwelekeza mwanamume mwenye ndevu namna ya kuweka kiwiko chini ya mbavu kabla ya kuinua miguu, naye mwenye ndevu akisema “sawa, sawa” kwa unyenyekevu kabisa.

Filamu ya Bouncing Cats, ya mwaka 2010, inaonyesha Crazy Legs akialikwa na Abramz na kwenda naye mpaka Gulu, kaskazini, kwa vijana waliokulia katika vita vya waasi wa Joseph Kony. Kiungo cha Bronx na Uganda basi si cha kubuni; mtu aliyeuokota mchezo mtaani kwake alikuja kwa miguu yake. Ila duara la Kampala limekua kwa namna yake. Hapa anayetoka hafiki mbali. Mtu anamshika bega, anamvuta kando, anamwonyesha pale mkono ulipochelewa, na mara nyingi wote wawili wanakosa zamu mbili tatu za wenzao kwa sababu wameshazama. Pembeni pa duara la Crotona ni mahakama. Pembeni pa duara la Nsambya ni darasa, na kelele ni nyingi hata kwa aliyeanguka.

Kijana mmoja aliyesikia Kiswahili changu alikuja kukaa nami kwenye benchi. Ametoka Bukavu, familia ilikimbilia Kampala akiwa mdogo, na Kiganda chake, anasema, mpaka leo kinachekwa sokoni. Nilimuuliza aliingiaje humu bila kumjua mtu.

“Hapa banaangaliaka miguu kwanza, muzee,” alinijibu. “Jina utasema kisha.”

Nilimuuliza kama hajawahi kuoneshewa vidole, kama vile vya Crotona. Alicheka. Alisema katika mapambano ya kweli, wanapokuja watu wa Nairobi au Kigali, vidole vinainuka vizuri tu, ila siku za mazoezi mtoto aliyeshinda na njaa hawezi kuongezewa taya za mamba. Nimeliandika jibu hilo na kulipigia mstari. Wapo wachezaji wa nje wanaosema duara la Kampala ni la upole kupita kiasi, na kwamba upole haumkuzi mtu. Mimi naona walioanzisha walijua wanakusanya watoto gani. Ukali una mahali pake, na mahali pake ni baada ya mtoto kuwa na hakika kwamba kesho atapokelewa tena.

Wasichana nao. Paris nilikuta wengi, Crotona wachache wenye nguvu. Nsambya walikuwa kundi zima upande wa kulia wa ukumbi, na wakubwa wao walikuwa na mbinu: msichana mgeni haingii peke yake. Wanaingia wawili, mmoja anacheza na mwingine anasimama ndani ya duara nyuma yake, mikono imekunjwa, mpaka amalize. Binti mmoja alinieleza kwamba nyumbani mama anakubali kucheza lakini hakubali kujilaza chini mbele ya wavulana. Basi yule anayesimama nyuma ni wa kumwambia mama pia kwamba bintiye hakuwa peke yake. Huyo wa nyuma hachezi, hahukumu, hafundishi, na kwa macho yangu ndiye aliyekuwa akifanya kazi ngumu kuliko wote ukumbini.

Kisesa

Kituo cha Bujora, hapa Kisesa, kilichojengwa na Padri David Clement, Mkanada aliyewapenda Wasukuma na ngoma zao, huwa na sikukuu ya Bulabo kila mwaka karibu na Sherehe ya Mwili na Damu ya Kristo, mavuno yakiwa yamekwisha. Hapo hukutana Bagika na Bagalu, vyama viwili vya ngoma vinavyojihesabu kutoka kwa waganga wawili wa zamani, Ngika na Gumha. Sikuja kutafuta asili ya breki dansi, na nimeshasema ninavyoionea mashaka kazi hiyo. Nilikuja kwa sababu nilitaka kuona watu wengine wanavyopima mchezaji.

Makundi mawili yanacheza kwa wakati mmoja, kwenye uwanja mmoja, kila moja na duara lake. Jaji ni umati. Ukipendezwa na Bagalu unakwenda kusimama kwa Bagalu. Wakikuchosha unavuka kwenda kwa Bagika. Mwisho wa siku, penye watu wengi ndipo penye ushindi. Ndiyo maana wana nyoka na nungunungu, ndiyo maana majembe ya ngoma ya bugobogobo yanarushwa juu na kudakwa, ndiyo maana manju hutunga nyimbo mpya miezi kabla, na ndiyo maana dawa za kuvuta watu zina sifa kubwa kuliko dawa za homa. Crotona ni duara moja linalowavuta wawili waingie ndani. Hapa ni maduara mawili yanayovuta umati mmoja. Lakini kote kuwili anayetazama ana uwezo wa kubadili kitu kwa kusogea, na huo ndio uwezo ambao viti vya Concorde viliuondoa. Wale majaji 9 walikuwa watu wazuri waliopewa kazi ya watu elfu kadhaa, na wale elfu kadhaa wakapewa kazi ya kushangilia.

Nilimuuliza bibi mmoja aliyekuwa ameketi kwenye mzizi nani anaongoza. Hakuwatazama wachezaji. Alinionyesha nyasi upande wa magharibi, zimelala na kugeuka rangi, akasema, “Pale walikuwepo asubuhi, mwanangu. Sasa wako wapi?” Walikuwa wamehamia upande wa pili, na mstari wa mwisho ulikuwa bado unahama: kina mama wenye watoto mgongoni, vijana wa bodaboda, masista wawili, polisi aliyepaswa kulinda geti.

Tulipokuwa tukizungumza manju wa waliokimbiwa akasimamisha ngoma zake zote. Aliwaacha wachezaji wake wamesimama, akatembea hadi katikati ya uwanja, mahali pasipo pa mtu, mfuko wa ngozi begani, na kuanza kuimba peke yake kuhusu wale waliomwacha, akiwataja kwa nguo zao: mwenye kanga nyekundu, mwenye baiskeli, masista wawili. Watu wakaanza kucheka na kugeuka. Mpiga ngoma mmoja akamfuata, kisha wa pili. Mfuko ukatikisika. Bibi aliinuka kwenye mzizi wake, akajifunga kanga vizuri, akaniambia nimshike mkono, tukaenda mbio.